Kiganja Kisichogusa Bawa

"Mama, maji yamekataa," Night alisema.

Fatumah alikuwa akianika shuka nyuma ya nyumba yao ya Mvara, mjini Arua, na hakugeuka mara moja. Ilikuwa tarehe tisa Januari, siku ambayo binti yake alitimiza miaka sita, na jua la kiangazi lilikuwa limekwisha kukausha nyasi zote mpaka kwenye ua. Alidhani mtoto anasema habari ya jerikani lenye kifuniko kigumu. Kisha akasikia mlio: ko, ko, ko, kama mtu anayegonga dirisha la kioo.

Night alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la kusuuzia nguo, akigonga maji kwa kikombe cha plastiki. Maji yalionekana maji. Maua yaliyochorwa chini ya beseni yalionekana yote, hata jani lililobanduka rangi. Fatumah akachovya mkono, na vidole vikagota juu, vikateleza.

Barafu aliyoijua Fatumah ni ile ya mifuko inayouzwa sokoni, nyeupe katikati kama jicho lenye mtoto wa jicho. Hii haikuwa na weupe wowote. Ungeweza kuitazama siku nzima ukaapa kwamba ni maji. Akatoa simu, akaangalia saa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuangalia saa: saa tano na dakika arobaini. Ilipofika saa sita kamili maji yalikuwa maji tena, vuguvugu, na kikombe cha Night kilikuwa kikielea juu yake.

Aliingia ndani kumwambia mumewe. Siraji alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono katikati ya magoti, kama alivyokaa tangu aliporudi mwezi wa Julai. Fatumah alipotaja barafu, Siraji hakuuliza barafu gani. Aliuliza, "Ilikuwa inaonekana?"

*

Siraji alikuwa amefanya kazi miaka mitatu kwenye uwanja mdogo wa ndege katika nchi ya baridi. Kazi yake ilikuwa kuosha mabawa. Alisimama juu ya kikapu cha chuma na bomba mkononi, akamwagia ndege dawa ya moto yenye rangi ya machungwa, mpaka theluji iyeyuke na barafu iteremke vipande vipande. Mwanzoni alikuwa akimsimulia Fatumah kwa simu huku akicheka, kwamba amesafiri kote huko kwenda kuogesha ndege maji moto kama mtoto mchanga. Dawa hiyo ilinukia utamu, kama sharubati iliyoungua chini ya sufuria.

Kulikuwa na sharti moja la mwisho. Baada ya dawa, mwoshaji alipaswa kuvua glavu na kupitisha kiganja kitupu juu ya bawa, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ipo barafu ambayo jicho haliioni. Akishagusa, anatia alama kwenye fomu. Ndege haiondoki bila alama ile.

Januari ya mwaka uliopita, ndege moja iliondoka ikiwa na abiria hamsini na saba na wafanyakazi wanne. Haikukaa hewani hata dakika moja. Iliangukia shamba la viazi lililoganda kama saruji, na hakuna aliyepona. Wachunguzi walisema ni barafu kwenye mabawa. Walimwita Siraji mara mbili, na mara mbili alisema aligusa. Fomu ilikuwa na alama, na barafu huweza kurudi kati ya kuoshwa na kuruka, basi wakamwachia. Kampuni yake ikafunga kazi, naye akarudi nyumbani na begi moja, simu iliyopasuka kioo, na ukurasa wa gazeti alioukunja mara nne. Ukurasa huo ulikuwa na mchoro wa ndege kwa juu, na ndani ya kila kiti jina la aliyekikalia.

Fatumah alimwamini. Alikuwa hajapata sababu ya kutomwamini.

*

Siku ya pili mkono wa kulia wa Night ulikuwa baridi. Fatumah alikuwa mwuzaji katika duka la dawa, na alikuwa na kipimajoto chake mwenyewe, kile cha namba, ambacho hakumwazima mtu. Kwapani kilisoma thelathini na sita na nukta moja. Si hatari, alijiambia. Lakini harufu ya sharubati iliyoungua ilikuwa ndani ya nyumba, na jikoni hakukuwa na sufuria motoni.

Siku ya tatu, saa tano na dakika arobaini, vioo vya sebuleni vilipata ukungu kutoka nje. Juu ya ukungu vikatokea viganja. Kimoja, vitatu, halafu kioo kizima, viganja vikubwa na vidogo, vimebandikwa kama watu wanaochungulia kutoka ndani ya chombo kinachoondoka, na nje jua lilikuwa kali kiasi kwamba mbuzi wa jirani walikuwa wamelala chini ya toroli. Night alikuwa sakafuni na ile simu iliyopasuka sikioni. Simu haikuwa na betri. Alikuwa akisikiliza na kuitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anayesikiliza wageni.

"Wanauliza kama Baba aligusa," alisema.

"Niligusa," Siraji alijibu, haraka, kabla mtu hajamtazama.

Wakati ule kipimajoto kilikuwa kwapani mwa mtoto, na Fatumah alikuwa akikitazama. Kilikuwa thelathini na tano na nukta tisa. Siraji alipofunga mdomo kilikuwa thelathini na nne na nukta tisa. Namba haikuteremka kidogo kidogo. Iliruka.

Hospitalini walimfunika mablanketi, wakampima malaria, hakuwa nayo, wakapima damu, wakapima mkojo, wakamwekea chupa za maji moto ubavuni, na chupa zikapoa upande uliomgusa huku upande wa pili zikiwa bado moto. Siku mbili namba haikupanda wala kushuka. Siku ya tatu muuguzi mmoja, mama mwenye huruma na maneno mengi, alisema kwa utani kwamba baba wa mtoto ndiye alileta baridi kwenye begi, si alikuwa akifanya kazi kwenye barafu, je, ni kweli ilibidi kuigusa kwa mkono? Siraji akatabasamu. Akasema ndiyo, nilikuwa nagusa kila ndege.

Thelathini na tatu na nukta tisa.

Fatumah alitoka na mumewe mpaka kwenye ukumbi, karibu na mahali wenye wagonjwa huanika nguo, akamshika ukosi wa shati. Hakupaza sauti. Alijua dawa na alijua mwili. Chini ya thelathini na mbili moyo wa mtoto wa miaka sita huanza kusahau kazi yake. Kila jibu lile lilishusha nyuzijoto moja; yaani Night alibakiwa na uongo mmoja. Wa pili ungemmaliza.

"Sitaki kujua sasa hivi," alimwambia. "Usijibu mtu. Mtu akikuuliza hata jina lako, nyamaza. Umenisikia, Baba Night? Nyamaza mpaka Ludara."

*

Ludara, upande wa Koboko, ndiko alikoishi mama yake Siraji, Margarita, ambaye familia nzima ilimwita Haboba, kama Wanubi wanavyomwita bibi. Alikuwa Mkristo aliyeolewa na askari Mwislamu, na baada ya kifo cha mumewe aliendelea kwenda kanisani Jumapili na kupika futari mwezi wa Ramadhani, bila kuona tatizo. Alimpokea Night mikononi, akamrudisha kwa Fatumah, akaangalia mikono yake mwenyewe. Alijifunga kitenge kingine juu ya kile alichovaa, akaenda kwa miguu kumwita Faki Swaka.

Faki, huko Koboko, ni mtu wa kitabu anayesomea wagonjwa. Swaka alikuwa askari zamani, akarudi na mguu mmoja usiokunjika na Kurani nzima kichwani. Alifika saa nne asubuhi, akakaa kwenye kigoda uani, mguu umenyooka mbele yake, akamtazama mtoto muda mrefu. Kisha akatazama nyuma ya nyumba, kwenye shamba la muhogo lililovunwa, ambako hakukuwa na mtu.

"Watu iko mingi hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Nasimama mstari moja, kama watu nangoja gari."

Haboba akauliza kama ni wafu.

"Mutu akikufa amekufa, harudi. Lakini kila mutu nazaliwa na jini yake, mwenzake. Karini. Natembea naye, nakula naye, mpaka siku ya kufa. Sasa mutu nakufa ghafla, mwenzake nabaki barabarani, hajui kwenda wapi. Hawa iko ya hivyo. Nafuata ule alishika safari yao mkononi." Hakumtazama Siraji. "Majini ya hapa mimi najua, nawafukuza na fimbo. Hawa siwezi. Hawa nadai haki."

Alifukiza ubani. Moshi ulipanda shibri moja, ukalala, ukatambaa juu ya ardhi kama unaotafuta mlango. Akaandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ili mtoto anywe kombe, na Fatumah akamwinua Night kichwa, akainamisha bakuli kwenye midomo yake iliyokuwa ya rangi ya majivu, na hakikutoka kitu. Akainamisha zaidi. Maji ya njano yalibaki yameegemea upande mmoja wa bakuli, yakiwa angavu, yakiwa yametulia, na Fatumah akayagusa kwa kidole, akajua. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Hapo ndipo baridi iliposhuka juu ya ua wote. Ilikuja na harufu ile tamu na mlio mwembamba wa mashine inayonguruma mahali pa juu, na kuku wa Haboba wakaingia chini ya ghala mmoja baada ya mwingine bila kelele, na bati la nyumba, lililokuwa likilia kwa joto asubuhi nzima, likaanza kulia kwa namna nyingine, likijikunja, likijibana, na Fatumah, ambaye alikuwa amemkumbatia mtoto ndani ya kitenge na blanketi na shati la mumewe, alihisi kwamba amekumbatia jiwe la mtoni, na kwamba jiwe hilo linafungua mdomo.

"Aliyevaa glavu," Night alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka kwa pumzi nyingi zilizopandana, kama darasa linalosoma kwa pamoja. "Uligusa?"

Siraji alikuwa amesimama karibu na mlango. Fatumah akaona neno likijiunda mdomoni mwake, neno lile lile alilolisema kwa wachunguzi, kwa mama yake, kwa muuguzi, neno ambalo kwa mwaka mzima lilikuwa limeshika uzito wa maisha yake yote.

"Ni..." alisema.

"Mwangalie mtoto kwanza," Fatumah alimwambia. "Halafu useme."

Siraji akamwangalia. Kope za Night zilikuwa na chembe nyeupe.

"Sikugusa," alisema.

"Nilitazama tu. Bawa lilikuwa linang'aa, nikadhani ni maji. Kwetu barafu inaonekana. Miaka mitatu nilikuwa nagusa, kila ndege, na kila mara nilikuta maji tu. Siku ile nilitazama, nikatia alama."

"Ulivua glavu," sauti zilisema. "Tulikuona kutoka dirishani. Ulivua. Mkono ulikuwa wapi?"

Siraji alianza kulia, si kwa kelele, machozi tu yakitoka na kukauka kabla ya kufika kidevuni. Akamtazama Fatumah kama anayemwomba radhi kwa jambo ambalo alikuwa amemficha kwa wema.

"Mkono ulishika simu," alisema. "Night alikuwa ananiimbia."

Fatumah aliikumbuka simu ile. Tarehe tisa Januari, mwaka jana. Night alikuwa amekataa kula mpaka baba yake asikie wimbo wa siku yake ya kuzaliwa, na Fatumah alipiga mara moja, Siraji hakupokea, akapiga tena, akapiga mara ya tatu. Mara ya tatu akapokea. Upepo ulikuwa ukivuma nyuma yake, na alicheka, akasema imba haraka, Baba yuko kazini. Dakika nne. Fatumah aliitunza katika kumbukumbu zake kama moja ya siku nzuri. Saa aliijua bila kuitafuta, kwa sababu alikuwa mtu wa kuangalia saa.

Faki Swaka aliinua mkono.

"Sasa ameungama. Bado kazi haijaisha. Kazi ile uliacha, ifanye." Akaelekeza fimbo kwenye paa. Bati lilikuwa liking'aa juani kama lililomwagiwa maji sasa hivi. "Mutu moja, kiganja moja. Kwa jina."

Siraji alipanda kwa ngazi ya mianzi. Alitoa mfukoni ukurasa wa gazeti, akautandaza, akaukandamiza kwa goti, akaanza na kiti cha kwanza. Alitaja jina kwa ulimi uliokuwa mgumu kwa majina ya kigeni, akaweka kiganja kitupu juu ya bati, akakipitisha. Wa pili. Wa tatu. Kufikia wa kumi kiganja kilikuwa kinanata, na kila alipokibandua kulisikika mlio mdogo, kama plasta inayobanduliwa kwenye kidonda, na waliokuwa chini waliona alama nyekundu ikibaki juu ya bati na kuganda hapo, lakini hakubadilisha mkono, wala hakuharakisha, alitaja na kupitisha, alitaja na kupitisha, huku chini Faki akihesabu kwa tasbihi na Fatumah akihesabu kwa kipimajoto, thelathini na nne, thelathini na nne na nukta tatu, thelathini na nne na nukta sita, na nyuma ya nyumba, katika shamba la muhogo, vumbi likiinuka kidogo mahali pamoja, halafu mahali pengine, kama mtu anayeondoka, halafu mwingine anayemfuata.

"Sitini na moja," Faki Swaka alisema.

Juu ya paa Siraji aliukunja ukurasa kwa mkono wa kushoto. Bati likalia tena kwa joto. Jogoo akatoka chini ya ghala, akasimama, akawika.

Night aliomba uji.

*

Asubuhi iliyofuata walikula nje. Siraji alikuwa amefungwa mkono kwa kitambaa na dawa, na kwa mara ya kwanza tangu Julai alikuwa amelala usiku kucha. Haboba alimtania kwamba sasa atalishwa kama mume mpya. Kipimajoto, saa mbili asubuhi, kilikuwa kimesoma thelathini na sita na nukta sita, na Fatumah alikuwa amekitazama mara tatu, akalia jikoni peke yake, akanawa uso.

Night alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha na kuibana pamoja, akinywa uji kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameukunja mbele yake, kama anayezuia kitu kisianguke.

"Mama, niongezee kikombe kingine," alisema. "Kidogo."

"Maliza hicho kwanza."

"Si changu. Chake."

Fatumah aliweka mwiko chini. Gauni la Night, juu ya mapaja, lilikuwa limelowa. Hakukuwa na maji karibu.

"Chake nani?"

"Mwenzangu. Jana wakubwa walipoitwa wote waliondoka, yeye hakuitwa." Night alisema hivyo bila hofu, akipuliza uji. "Yeye hana kiti. Mama yake alimpakata, ndiyo maana hawakumwandika."

Siraji aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ule ukurasa. Alimpa Fatumah, maana kwa mkono mmoja hakuweza kuukunjua. Mchoro wa ndege, viti, majina. Kila kiti kilikuwa na mtu wake. Fatumah alipita mstari kwa mstari, kisha akarudia, akitafuta mahali ambapo mtu angeandika mtoto mchanga, na hapakuwa na mahali kama hapo.

"Anaitwa nani?" alimwuliza Night taratibu. "Mwulize jina."

Night aliinamisha sikio kuelekea mapajani pake, akasubiri.

"Hajui kusema bado," alisema.

Faki Swaka alikuwa ameondoka alfajiri kwenda upande wa mpaka. Na hata angekuwepo, angeita nini? Fatumah alichukua kipimajoto, akakiweka kwapani mwa binti yake. Thelathini na tano na nukta sita. Siraji alianza kuondoa kitambaa mkononi, akitazama paa, na Fatumah akamwambia aache. Bila jina lingekuwa bati tu.

Alikaa mkekani mbele ya Night. Akanyoosha miguu, akaibana pamoja, akalaza kitenge vizuri juu ya mapaja mpaka mkunjo wa mwisho ukaondoka.

"Wewe bado mdogo, utachoka," alisema. "Mlete kwangu."

"Utampakata wewe?"

"Nitampakata mimi."

Night aliweka kikombe chini. Aliinuka polepole, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa mpaka ukingoni, akainama, akafungua mikono. Kwanza Fatumah hakuhisi kitu. Halafu baridi ikashuka juu ya mapaja yake, ikajigeuzageuza ikitafuta mahali pazuri, ikatulia. Kitenge kikaanza kulowa.

Alitazama. Hapakuwa na kitu, ila maua ya kitenge, yote yakionekana, na jua juu yake.

Akainua mkono wa kulia, akauteremsha taratibu. Kiganja kikagota.